Kasuku wa Magomeni na sauti ya marehemu: uchambuzi wa kisa kimoja

Mimi ni mtu wa kuku. Siku zangu nyingi huishia Kitunda, Chanika na Mbagala, ndani ya mabanda, nikichanja vifaranga dhidi ya kideri na gumboro na kugombana na watu wanaoacha maranda yaloe maji. Kwa hiyo binti mmoja aliponipigia simu akasema, "Anko, tuna kasuku, ananyonyoka manyoya yote, bibi anaomba uje," jibu lilikuwa tayari kichwani kabla sijakata simu: utitiri. Kuku akitoka manyoya ni utitiri, au wanadonoana, au ni msimu wake wa kubadili manyoya. Kasuku anayeishi peke yake hana wa kudonoana naye. Nikatia poda kwenye begi, nikapanda mwendokasi hadi Magomeni Mapipa.

Kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu nilikosea mara mbili kabla sijapatia, na jibu lenyewe nililetewa siku ya kwanza pamoja na chai. Chai niliinywa, jibu nikaliacha mezani. Majina ya wenyeji wangu nayahifadhi. La ndege nitalitaja, yeye hana neno: anaitwa Sultani.

Nyumba ni zile za Kiswahili za zamani, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, na uani kuna jiko, bomba na mti wa mpera. Bi Mkubwa, mama wa miaka sitini na kitu, alikuwa ametoka eda wiki mbili tu zilizopita. Marehemu mumewe aliendesha malori ya masafa, njia ya Kigoma na Bujumbura, na ndiye aliyemleta Sultani miaka ya tisini, kinda bado, macho meusi, kwenye kikapu cha ukindu chini ya kiti cha dereva. Sasa macho yamekuwa ya njano iliyopauka, kama yanavyokuwa kwa kasuku wa kijivu aliyekomaa. Ndege hawa wakitunzwa hufika miaka arobaini hata zaidi, kwa hiyo tusimwite mzee.

Tundu lilikuwa ukumbini, kati ya mlango wa chumba cha wageni na televisheni, limefunikwa kanga upande mmoja. Kasuku wa kijivu mwenye afya anapendeza mno: mwili rangi ya jivu la mkaa, uso mweupe, mdomo mweusi wenye vumbi jeupe kama umepakwa poda, mkia mwekundu wa pilipili. Sultani kifua chake kilikuwa uchi kabisa, ngozi ya waridi yenye vipele, kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto akasubiri kunyonyolewa mabawa. Mapaja hivyo hivyo. Chini ya mabawa kulibaki vishina tu, manyoya yamekatwa nusu. Sakafu ya tundu ilikuwa rundo la maganda ya alizeti.

Nikaomba taulo, nikamkamata kama ninavyokamata jogoo. Hilo ndilo kosa la kwanza. Ndege hana kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, kama chetu, anavuta hewa kwa kutanua kifua chote, hivyo ukimbana kifua umemziba pumzi hata kama pua iko wazi. Hilo nalijua tangu chuoni. Lakini kulijua ni jambo moja, na mazoea ya mkono ni jambo jingine. Sultani alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia bandani, akageuza shingo, akanipata kidole cha shahada. Mdomo unaovunja kokwa la mchikichi haupati shida na kidole cha bwana mifugo. Damu ikachuruzika hadi kwenye saa. Hata hivyo nilimpima kwa mizani ya jikoni, gramu 372, wakati wenzake wengi wanacheza kati ya 400 na 500. Nikampaka poda ya utitiri, nikamrudisha.

Nikiwa nimefungwa kitambaa kidoleni, Bi Mkubwa akanimiminia chai, akasema kwa sauti ya chini huku akitazama birika, "Mwanangu, hakuna dawa ya kumnyamazisha? Asiseme tu. Manyoya hata yasipoota si neno."

"Hakuna dawa hiyo, mama," nikamjibu, nikaendelea kueleza namna ya kupaka poda.

Kichwa hakikuguswa

Siku ya pili yake binti akanipigia: ndege anapiga chafya mfululizo. Nikarudi, na safari hii nikaacha begi mlangoni. Nilikuwa nimewaagiza walifunike tundu kwa shuka jeupe usiku kucha. Utitiri mwekundu hutoka usiku kunyonya damu, asubuhi ungekuta vidoa vyekundu vinatembea kwenye weupe. Tulilikagua lile shuka juani, pindo kwa pindo. Hakuna kitu. Poda yangu ilikuwa imemkera bure.

Nikachukua kigoda, nikakaa mbali kidogo na tundu, nikamtazama tu. Nadhani zilipita dakika ishirini, na ni aibu kwamba sikuzitoa siku ya kwanza. Kichwa cha Sultani kilikuwa kizima. Kila unyoya mahali pake, umepangwa kama magamba ya samaki, kutoka puani hadi shingoni, na pale shingo inapoishia, uchi unaanza, kama mtu aliyevaa kofia na kusahau shati.

Kasuku hawezi kukidonoa kichwa chake mwenyewe. Kwa hiyo manyoya yanapotoka mwili mzima na kichwa kikabaki, mwenye kunyonyoa ni yeye. Yangetoka na ya kichwani ningefikiria mwenzake anayemdonoa, au ule ugonjwa wa virusi unaoharibu mdomo na manyoya ya jamii ya kasuku, ambao hauchagui sehemu ambayo mdomo unafika. Na kama kunihakikishia, akiwa hapo mbele yangu Sultani aliinamisha shingo, akachomoa unyoya mdogo ubavuni, akautafuna kuanzia kwenye mzizi, akauachia. Ukateremka polepole hadi kwenye maganda ya alizeti. Akatafuta mwingine.

Nilimpigia rafiki yangu, daktari wa mifugo aliyesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, anayejua ndege wa kufugwa kuliko mimi. Tulizungumza juu ya damu, na ukweli ni kwamba damu hatukupima, uwezo wa familia haukuruhusu. Kinyesi nilikiangalia mwenyewe: kijani, cheupe na majimaji, sehemu zote tatu zipo na zimeachana vizuri. Pua zilikuwa kavu zenye ukoko. Nikauliza pia kama kuna mtu nyumbani ana homa na kikohozi kisichoisha, maana jamii ya kasuku hubeba bakteria anayeingia kwenye mapafu ya watu kwa vumbi la kinyesi. Hakuna aliyekuwa nacho. Mwishoni rafiki yangu akasema nimeshatazama ngozi ya kutosha, sasa niulize nyumba.

Nikauliza nyumba

Aliyenieleza ni yule binti, mjukuu, yuko kidato cha pili. Tulikaa uani, yeye akipepeta mchele.

Babu alipofariki, turubai lilifungwa mbele na wanaume wakajaa barazani. Baraza ndiyo ilikuwa makao ya Sultani zaidi ya miaka ishirini: asubuhi anatundikwa pale na babu, jioni anaingizwa chumbani kwa babu. Siku ya msiba tundu likasogezwa ukumbini. Mgeni akapiga hodi. Kutoka kwenye tundu kikatoka kikohozi kikavu cha mvuta sigara, mara mbili, halafu sauti ya marehemu, ile ile, na uzito wake: "Nani huyo? Pita ndani!"

Watu walilia upya. Shangazi mmoja aliyetoka Tanga alitimka hadi uani bila viatu. Wengine wakaanza maneno ya jini. Sultani akapelekwa stoo, gizani, kati ya magunia na ndoo, akakaa humo siku tisa. Alipotolewa aliwekwa ukumbini, na kila alipofungua mdomo mtu aliyekuwa karibu alipiga tundu kwa kandambili. Ikawa desturi. Hata watoto wa jirani waliijua.

Ndipo nilipoikumbuka chai.

Nikaingia ndani, nikamwomba radhi Bi Mkubwa kwa kumjibu haraka siku ile, nikamuuliza anachokisikia. Alikaa kimya kwa muda. "Usiku saa nane anakohoa kile kikohozi," akasema. "Naamka, namwaga maji kwenye kikombe, nafika nusu ya chumba, ndipo nakumbuka." Miezi minne na siku kumi ya eda, ndani ya nyumba ile ile, na kikohozi kila usiku. Sikuwa na la kusema. Mafunzo ya kuku hayana sura ya jambo hili.

Wapo watakaosema ndege ni kama kinasa sauti tu, hajui alisemalo. Si kweli kwa kasuku wa kijivu. Alex, kasuku aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg huko Marekani hadi alipokufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31, alitaja rangi, maumbo na idadi ya vitu alivyoonyeshwa. Sultani si Alex, lakini "Nani huyo?" hakuisema ovyo, aliisema mlango ukigongwa. Na usiku alikohoa kwa sababu wakati huo, miaka yote, ndani ya chumba kile, kuna mtu aliyekohoa naye akamwitikia. Alikuwa anamwita mwenzake.

Mawese

Kuhusu chakula niliuliza swali la kawaida nikapata jibu lisilo la kawaida. Sasa anakula nini? Alizeti, kilo moja tunanunua Kariakoo, inakaa wiki nyingi. Zamani alikula nini? Binti akacheka. "Zamani alikula na babu."

Kila asubuhi babu alichukua kijiko cha wali uliolala au ugali, akautia tone la mawese, akampa. Mawese ya Kigoma yalikuwa hayakosekani nyumba ile, kila safari alirudi na dumu. Mzee wa watu hakuwa amesoma kitabu chochote cha ndege, ila alikuwa amefanya jambo ambalo msitu wenyewe ungelifanya: tunda la mchikichi ni chakula kikubwa cha kasuku wa kijivu porini, na wekundu wa mawese ndio malighafi ya vitamini A. Alizeti peke yake ni mafuta matupu, haina vitamini A ya maana na kalsiamu yake ni kiduchu. Ndege akiikosa vitamini hiyo ngozi na njia ya hewa hukauka, na hapo ndipo ukoko wa pua ulipoingia kwenye hesabu yangu.

Halafu binti akaongeza jambo alilodhani halihusiani. Mara mbili Sultani alidondoka kutoka kwenye fito, akatetemeka sakafuni, akainuka. Ndugu walisema kapandisha. Kasuku wa kijivu wanajulikana kwa kuishiwa kalsiamu kwenye damu kuliko kasuku wengi wengine, na dalili yake ni hiyo: kutetemeka, kuanguka, degedege. Na ili kalsiamu ya chakula ifike mahali pake panahitajika vitamini D, na vitamini D ndege anaipata kwa jua la moja kwa moja, si lile linalopita kwenye kioo. Huyu alikuwa amekaa ukumbini zaidi ya miezi minne, ukumbi ambao adhuhuri unawashiwa taa.

Tulipanga mlo upya siku hiyo hiyo. Alizeti iwe tone la utamu, isiwe mlo. Boga, karoti, hoho nyekundu, matembele, sukuma wiki, majani machanga ya mlonge. Mchicha si vibaya mara moja moja, ila una asidi inayoishika kalsiamu isitumike, kwa hiyo usiutegemee kwa kazi hii. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, linyunyiziwe juu. Ugali au wali kidogo na tone la mawese, tone kweli, si kijiko. Parachichi marufuku, ni sumu kwa kasuku, na nilirudia mara tatu kwa sababu jirani alikuwa anauza juisi yake na maganda yanazagaa. Chumvi, chokoleti, majani ya chai na kahawa pia hapana.

Ndege aliyezoea alizeti miezi mitano hakubali boga kwa siku moja, msijidanganye. Siku nne alilitupa nje kipande baada ya kipande. Binti akagundua mwenyewe kwamba akila boga mbele yake, akisifia, Sultani anasogea. Siku ya tano akaonja.

Moshi nitausemea kifupi. Jiko la mkaa lilikuwa linawashiwa uani na kuingizwa ukumbini kuchemshia maji, ubani wa khitma ulifukizwa hapo hapo, na usiku dawa ya mbu ya kuzungusha ikawaka chini ya tundu. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa mwili mzima, moshi unaomkohoza mtu unaweza kumuua yeye. Na vikaango vya kisasa visivyoshika chakula vikiungua hutoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi sana. Vyote vikahama. Ubani Bi Mkubwa alisema utafukizwa chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa, na hilo hakutaka mjadala.

Kijiti cha chelewa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mlo unabadilika kwa maneno, lakini ndege aliyejifunza kwamba mkono ni taulo na kandambili hasikii maneno.

Kwanza tulichagua mtu mmoja. Bi Mkubwa hakuwa tayari, na mimi nilikuwa adui aliyethibitishwa. Nikiingia tu, manyoya yake yalibanana mwilini akawa mwembamba kama kijiti, akaegemea upande wa pili. Hiyo ni hofu. Tukamchagua binti. Wiki nzima hakutakiwa kuingiza mkono ila kubadilisha maji na chakula. Alitandika mkeka karibu na tundu, akampa ubavu, akasoma daftari zake kwa sauti. Biolojia, anasema, Sultani aliipenda, historia alilala.

Karanga zote tukaziondoa kwenye bakuli. Zikawa za malipo tu. Zichaguliwe moja moja, zisizo na ukungu wala chumvi, kwa kuwa sumukuvu huharibu ini la ndege, na karanga moja ikatwe vipande vinne. Halafu binti akachomoa kijiti kimoja kwenye ufagio wa chelewa, akaosha, akapitisha ncha yake kati ya nyaya na kuacha hapo, mkono umetulia. Sultani akakimbilia kona ya mbali. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya nne alikuja hatua mbili, akanyoosha shingo, akagusa ncha kwa mdomo, tap. "Ewaa!" akasema binti, na kipande cha karanga kikaingia kwa kijiko kirefu.

Lile "ewaa" lina kazi. Linamwambia ndege ni kitendo gani hasa kimelipwa, kabla karanga haijafika. Lisemwe papo hapo na lisitumike kwa jambo jingine. Nilimkataza hata baba yake mdogo kulisema akitazama mpira. Dakika mbili tatu, mara tatu kwa siku, na kuacha Sultani akiwa bado anataka. Binti alitaka kuendelea nusu saa, kila mwanafunzi mzuri hufanya kosa hilo.

Kugusa ncha kukawa kuifuata ncha. Kuifuata kukawa kufika mlangoni pa tundu. Wiki ya sita akapanda tawi la mpera lililoshikwa nje ya mlango, wiki ya nane akapanda mkono. Baba mdogo aliwahi kununua glovu za ngozi za fundi, nikazirudisha: glovu kwa ndege huyu ni taulo lenye vidole, na mwenye glovu haoni haja ya kusikiliza.

Kusikiliza, kwa kasuku, ni kutazama. Hili niliwafundisha wote, pamoja na watoto wa jirani. Mboni zikijibana na kujiachia haraka haraka, manyoya ya kisogo yamesimama, mwili umekakamaa na mkia umetandazwa, toa mkono, sema naye kwa upole, rudi baadaye. Akiinamisha kichwa huku macho yamelegea na mwili umelegea, anaomba kukunwa. Kwa mbali mikao hii miwili inafanana, kichwa chini, manyoya juu, na ndipo wengi wanapong'atwa. Tofauti iko machoni na katika ule ukakamavu. Na ukimkuna, mkune kichwa na shingo tu. Mgongo na chini ya mabawa ni mambo ya ndege na mwenzi wake, utamletea fikra nyingine.

Sultani alikuwa anatoa dalili hizi zote tangu msibani. Hakuna aliyezijua, kwa hiyo kung'ata ndiko kulikomsaidia: aking'ata, watu wanaondoka. Ukimng'ata mtu mara kumi na mara zote kumi akaondoka, nawe utaacha kupoteza muda na dalili. Kwa hiyo binti hakuruhusiwa kumlazimisha hata mara moja. Kama mboni zinacheza, zoezi limeisha.

Makelele ya magharibi yalikuwa shida nyingine. Jioni kasuku porini hukusanyika kwa makundi kwenye miti ya kulala, kila mmoja anapiga kelele na kujibiwa. Kufunika kanga kulimwambia kwamba hakuna wa kumjibu. Tukageuza: saa kumi na mbili kasoro binti anapiga mluzi kutoka uani kabla Sultani hajaanza, akijibu kwa mluzi anajibiwa, akipiga ukelele hakuna anayegeuka. Wiki mbili za kwanza ukelele uliongezeka. Baba mdogo akanipigia kusema nimewaharibia ndege. Nikamwomba wiki moja, nikiwa sina uhakika wenyewe.

Usingizi ulikuwa rahisi kuliko yote na ndio nadhani ulisaidia mapema zaidi. Televisheni ya ukumbini huzimwa saa sita usiku, wakati ndege huyu anahitaji saa kumi hadi kumi na mbili za giza na utulivu. Saa moja usiku akaanza kupelekwa chumba cha mwisho, kule karibu na uani. Kikohozi, kama kilikuwepo, hakikufika tena chumbani kwa Bi Mkubwa.

Mchana alirudishwa barazani, mahali pake. Kwa jua la asubuhi alitolewa uani chini ya mpera, nusu tundu kivuli. Hapo tukapambana na kunguru. Wakazi wa Dar mnawajua hawa wenye shingo ya kijivu, walioletwa kutoka India. Walitua juu ya tundu watatu watatu, wakachungulia, wakavuta mkia. Ikabidi mtu akae hapo na ufagio. Na ili mdomo uwe na kazi nyingine zaidi ya ngozi, tulimjazia makumbi ya nazi, magunzi na matawi mabichi ya mpera. Makumbi ndiyo aliyoyapenda. Aliyachambua uzi kwa uzi, kama fundi wa kusokota kamba, hadi sakafu ikawa ya kahawia badala ya kijivu. Matawi pia yalichukua nafasi ya ile fito laini, kwa kuwa mguu unaoshika unene ule ule siku zote huota vidonda.

Kuhusu kumwachia

Baba mdogo alikuwa na suluhisho lake: akaachiwe msitu wa Pugu, awe huru. Nia njema, lakini Pugu si kwao. Kwa Tanzania ndege huyu ni wa ukingo wa kaskazini magharibi, huko Kagera, na aliyelelewa kwa wali wa barazani hajui kutafuta chakula wala kumkwepa mwewe. Kunguru wasingemwacha afike hata Gongo la Mboto.

Upande wa pili wa jambo hili ni sheria, na sikuwaficha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumiliki mnyamapori bila kibali, na tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yuko kwenye daraja la juu kabisa la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani biashara ya waliokamatwa porini imefungwa. Walikamatwa mno. Kikapu kile chini ya kiti cha dereva kilikuwa kimoja kati ya vingi, na babu, Mungu amrehemu, hakuwa na karatasi. Nilimwambia baba mdogo aende mwenyewe kwa maofisa wa wanyamapori akaeleze, kabla hajafuatwa. Alikwenda. Suala liko mikononi mwao hadi naandika. Na anayesoma hapa akapata hamu ya kutafuta kinda la kununua, naomba hamu hiyo iishie hapa.

Miezi mitano

Mizani ya jikoni ilisema hivi: mwezi wa kwanza gramu 381, wa tatu 402, wa tano 418. Hajadondoka tena kwenye fito. Mapaja yameota, chini ya mabawa kumejaa manyoya mapya yaliyofungwa kwenye ala zake kama sindano, na asubuhi binti akifungua dirisha vumbi jeupe la manyoya linaonekana kwenye mwanga. Kifuani pamebaki doa la ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Hapo hapataota, vishimo vya manyoya vimeshakufa kwa kuchokolewa. Bado hujinyonyoa nyumba ikijaa wageni, na sikukuu ya Idd alimng'ata baba mdogo, ambaye alikuwa ameshaonyeshwa mboni akapuuza.

Sina kipimo cha kusema ni lipi kati ya yote lililomponya. Mawese, jua, usingizi au binti, vyote viliingia kwa pamoja, na mtu wa maabara angenicheka. Dau langu mimi naliweka kwenye kandambili iliyoacha kupiga tundu.

Amejifunza neno jipya. Akigusa jambo lolote kwa mdomo, hata bakuli la maji, hujisifia mwenyewe, "Ewaa!", kwa sauti ya binti, halafu hugeuka kutafuta karanga.

Ziara yangu ya mwisho ilikuwa Jumamosi asubuhi. Baraza ilikuwa tupu isipokuwa tundu. Nikapiga hodi. Sultani akakohoa mara mbili, akainamisha kichwa kunitazama kwa jicho moja.

"Nani huyo?"

Nilisita. Sikujua kama Bi Mkubwa yupo na anasikia. Alikuwepo, ukumbini, naye alikuwa amesikia.

"Mjibu basi, mwanangu," akaniita kutoka ndani. "Si umeulizwa?"